Nawatafsiria wagonjwa bure na baba anataka niwe mwalimu: nishike lipi?

*Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale Maseno, shahada ya sanaa, Isimu na Kiswahili. Kila Jumamosi niko Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu. Asubuhi tunasoma hadithi na watoto kanisani, mchana naenda kliniki moja ya hapo karibu kuwasaidia akina mama wazee wanaozungumza Dholuo pekee, maana tabibu ametoka upande wa Kitui na hajui hata neno. Sipewi hata nauli. Baba anasema mkono mtupu haulambwi, niache hayo mambo nikabadilishe kozi niende ualimu. Mimi ndoto yangu ni ukalimani, kama wale wanaovaa visikizi Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi. Huku kujitolea kutanifikisha huko, ama ni wema tu?*

Binti yangu, sijambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu, kwa sababu ukalimani umeuweka Gigiri na kliniki ukaiweka kwenye wema. Unachofanya Jumamosi baada ya chakula cha mchana kinaitwa ukalimani. Kina jina hilohilo, kina kanuni zilezile, na ukikosea kinaumiza watu kuliko kosa lolote la kwenye kibanda cha wakalimani mkutanoni. Mjumbe wa mkutano akitafsiriwa vibaya atalalamika na maneno yarudiwe. Mama wa Nyalenda atameza alichoambiwa ameze.

Nikupe kisa changu kwanza, ndipo utajua kwa nini naongea hivi.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa nakaa kwenye benchi la zahanati fulani, sitaitaja, nikisaidia kama unavyosaidia wewe. Akaingia mama mmoja, mwembamba, leso kichwani, akaketi na kuangalia sakafu. Tabibu akauliza shida ni nini. Mama akasema maneno mawili: *chunya lit*. Nikageuka kwa madaha ya mtu aliyepata A ya Kiswahili nikasema, "Anasema ini linamuuma." Tabibu akamlaza, akambonyeza chini ya mbavu upande wa kulia, akamwandikia vipimo vya damu. Pesa za vipimo hazikuwepo. Mkwe wake akatoka kwenda kuzitafuta, akarudi jioni.

Nikiwa nje nanawa mikono, jirani aliyemsindikiza akaniuliza kama daktari amempa dawa ya usingizi, kwa sababu tangu wamzike kitinda mimba wake wiki tatu zilizopita mama hajalala.

*Chuny* ni ini, kweli. Muuza nyama yeyote wa soko la Kibuye atakwambia. Lakini kwa Mjaluo huzuni nayo inakaa hapo hapo, vile Mswahili anavyoiweka moyoni, na moyo wenyewe ule unaodunda tunauita *adundo*. Yule mama alikuwa anasema moyo wake unamuuma, na mimi niliyezaliwa ndani ya hiyo lugha nikamtafutia ugonjwa wa ini. Maneno yote nilikuwa nayajua. Nilichokosa ni kusimama na kuuliza, *mama, kanye ma lit?*, onyesha kwa mkono ni wapi.

Kwa hiyo nikikujibu "ndiyo, kutakufikisha," nitakuwa nimekudanganya nusu. Kutakufikisha ukikufanya kama kazi, kwa adabu ya kazi. Ukikufanya kama kusaidia-saidia, utahitimu na Jumamosi mia moja ambazo huwezi kuzieleza mbele ya mtu yeyote, na pengine na watu wawili watatu uliowadhuru bila kujua.

Adabu yenyewe ni hii, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu darasani hawana muda nayo.

Kabla mgonjwa hajaanza, jitambulishe kwa lugha zote mbili, sentensi chache tu. Mimi ni mkalimani. Nitasema kila kitu kitakachosemwa hapa, sitaongeza wala kupunguza, na hakitatoka nje ya mlango huu. Useme kwa Dholuo mama asikie, useme kwa Kiswahili tabibu asikie. Utaona tabibu anakaa vizuri. Wengi hawajawahi kufanya kazi na mkalimani, wamezoea kumvuta yeyote aliyepo: mfagiaji, mjukuu, mgonjwa wa foleni inayofuata.

Kisha zungumza kwa "mimi". Mama akisema tumbo linamkata tangu juzi, sema "tumbo linanikata tangu juzi," usiseme "anasema eti tumbo linamkata." Mwanzoni utaona haya, ni kama unaigiza. Lakini ile "anasema" ndiyo inayomfanya tabibu akuangalie wewe na kumsahau mgonjwa, na ikiendelea dakika tano mtajikuta mnamjadili mtu aliye mbele yenu kama vile ametoka kwenda msalani. Hata kukaa kuna namna yake: kaa ubavuni mwa mgonjwa, nyuma kidogo, ili macho ya tabibu yaangukie kwake.

Na usimsahihishe mtu. Najua tulivyo sisi watu wa Kiswahili. Mtu akisema "tumbo inauma" ulimi unawasha. Umeze. Hapo haupo darasani kufundisha ngeli.

Mitego sasa. Wa kwanza ni bahasha ya dawa. Dirishani wanaandika 1×3, au 2×2, wakiamini kila mtu anajua kwamba namba ya kwanza ni vidonge na ya pili ni mara kwa siku. Mama aliyesoma mpaka darasa la pili anaona moja na tatu. Nimewahi kumkuta mmoja aliyekuwa akimeza kimoja kila baada ya siku tatu, na dawa yenyewe ilikuwa ya kuua viini. Usitafsiri namba kama namba. Muombe mwenye dawa aseme kwa mdomo, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kisha wewe uiseme hivyo, na mama airudie mwenyewe akiwa ameshika bahasha mkononi. Asipoirudia sawasawa hamjamaliza.

Wa pili ni saa. Wewe na mama mnahesabu saa ya Kiswahili, na *saa ariyo* ya Dholuo ni saa mbili hiyo hiyo yetu. Lakini tabibu aliyesomea Kiingereza akisema "eight o'clock" na wewe umechoka, ukasema saa nane, umesogeza dawa kwa masaa sita. Hili limewakuta wakalimani wazoefu, kwa hiyo usijicheke likikukuta. Jizoeze kutaja saa pamoja na sehemu ya siku, kila mara: saa mbili usiku, saa mbili asubuhi.

Wa tatu ni watoto. Tabibu akiuliza mama ana watoto wangapi, anaweza kujibiwa saba, kwa sababu wa mke mwenza nao ni wake na kuwatenga ni utovu wa adabu. Tabibu anataka kujua amebeba mimba ngapi. Ukisikia jawabu lina harufu hiyo, usilirekebishe kimyakimya. Mwambie tabibu waziwazi: "Mimi mkalimani naona neno hili linaweza kubeba hata watoto asiowazaa, naomba uulize kwa njia nyingine." Hapo umetoka kwenye "mimi" ya mgonjwa na kuingia kwenye yako, na wote wawili wamejua. Mkalimani mzuri hutambulikana hapo.

Kuna milango usiingie hata ukiitwa. Majibu ya HIV, mtoto aliyedhulumiwa, karatasi ya kukubali upasuaji: hayo yaache mpaka uwe umefunzwa, na ukiitwa sema kwa heshima kwamba hayo yanahitaji mfanyakazi wa kituo aliyefunzwa. Na Nyalenda ni kijiji ndani ya mji. Utakutana na mgonjwa wako Jumapili kanisani, na shangazi yako atakuuliza mama fulani alikuwa anatafuta nini kliniki. Huna jibu. Hata "sijui" usiseme, maana unajua. Sema, "shangazi, hayo hayazungumzwi," na mbadilishe habari mzungumzie omena.

Umenielewa kwa nini nikasema ni kazi.

Na kazi inaandikwa. Nunua daftari la kurasa 96, liwe la hili tu. Kila Jumamosi andika tarehe, mahali, umefika saa ngapi na kutoka saa ngapi, lugha zipi kwenda zipi, aina ya mazungumzo (kliniki ya wajawazito, presha, sukari, chanjo), na maneno yaliyokushinda. Jina la mgonjwa lisionekane popote, wala ugonjwa uliofungwa na umri au mtaa. Masaa matatu kwa Jumamosi thelathini ni masaa tisini kwa mwaka, na mtu anayekuja na masaa tisini yaliyoandikwa anasikilizwa tofauti na anayesema "nimekuwa nikijitolea". Yale maneno yaliyokushinda yahamishie nyuma ya daftari yawe faharasa yako: Kiingereza, Kiswahili, Dholuo, na jinsi mama mwenyewe alivyolisema. Ukifikisha maneno mia tatu ya afya kwa lugha tatu, yaliyokusanywa kutoka midomoni mwa watu, una kitu ambacho hata baadhi ya wahadhiri wako hawana.

Mwombe pia mkuu wa kituo barua ya kukutambua, sasa hivi, usingoje siku ya kuondoka. Barua ya mwanzo inakulinda ukiulizwa wewe ni nani ndani ya chumba cha matibabu, na ya mwisho inakusindikiza. Kama chuo chako kinadai atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, uliza kama kituo kinaweza kukupokea rasmi, masaa yako yahesabiwe. Na nauli itaje bila aibu. Kujitolea hakukatazi kurudishiwa nauli ya matatu kutoka Maseno.

Habari ya watoto na hadithi nitaipitia haraka. Kama unaipenda, endelea. Kama unaifanya ili ijaze wasifu wako, iache, pumzika asubuhi ufike kliniki ukiwa na akili. Na msiwapige watoto wa watu picha za kuweka mtandaoni.

Ukitaka mahali pa pili pa kujifunza, nenda mahakamani. Usiende kukalimani, nenda kusikiliza. Kesi husikizwa hadharani, na asubuhi pale Kisumu utakuta washtakiwa wakisomewa mashtaka mmoja baada ya mwingine. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo kama haelewi lugha inayotumiwa, na Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili, na mara nyingi anayekalimani ni karani wa mahakama aliye na faili kumi mkononi. Msikilize. Wengine ni mafundi wa ajabu.

Sikiliza hasa mshtakiwa anapojibu. Tuseme mtu ameshtakiwa kuiba baiskeli, anasema, "Ni kweli niliichukua, lakini ni yangu, nilikuwa nimemwazima." Mkalimani mvivu, au aliyechoka tu, akiishia kwenye "ni kweli", mtu huyo amekiri kosa. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza jinsi kukiri kunavyopaswa kupokelewa: shtaka lielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au anayoielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Mahakama zetu zinairejelea kesi hiyo mpaka leo. Uone basi uzito wa hiyo "lakini".

Sasa Gigiri, na hapa naomba usinichukie.

Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo. Anayekaa kwenye kibanda cha Kiingereza anatakiwa aelewe Kifaransa barabara, na juu yake Kihispania au Kirusi, kisha apite mtihani wa ushindani. Kiswahili na Dholuo vyako, hata uvijue vipi, havikufungulii ule mlango. Umoja wa Mataifa una idhaa ya habari ya Kiswahili, lakini hiyo ni kazi ya uanahabari. Kama ni visikizi hasa unavyovitaka, anza Kifaransa mwaka huu, na usianze kwa kugusagusa.

Kifaransa nakisema kwa sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mikutano inayohitaji Kiswahili iko, ila iko Arusha na Addis Ababa kuliko Gigiri. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha ya kazi Februari 2022, na Julai mwaka huo wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakiidhinisha Kiswahili pamoja na Kifaransa kuwa lugha rasmi, kando ya Kiingereza. Kongo ilikuwa imeingia kwenye Jumuiya mwaka huohuo, Burundi na Rwanda zilikuwa ndani tayari. Anayetoka Kifaransa kwenda Kiswahili safi, bila kupitia Kiingereza kichwani, ni nadra. Wanafunzi wetu wanakimbilia Kiingereza–Kiswahili, ambako foleni ni ndefu. Baada ya shahada ya kwanza kuna Kituo cha Tafsiri na Ukalimani cha Chuo Kikuu cha Nairobi, wanatoa shahada ya uzamili. Usiende huko na lugha mbili peke yake.

Mazoezi hayangojei ada. Jioni washa Radio Ramogi, sikiliza habari moja ya Dholuo ya dakika mbili bila kuandika, izime, uiseme yote kwa Kiswahili huku simu ikirekodi. Jisikilize. Utachukia sauti yako na utashangaa ulivyoacha namba na majina. Mwezi wa pili ruhusu alama chache kwenye karatasi, mishale na herufi, usiandike sentensi. Mwezi wa nne jaribu kusema papo hapo ukiwa nyuma ya mtangazaji kwa maneno matano sita. Kibandani wakalimani hupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu ubongo hauwezi zaidi, kwa hiyo ukichoka baada ya dakika nne usijione mjinga.

Kuna lugha nyingine uliyopita karibu nayo bila kuitazama. Bunge la Kenya lina lugha rasmi tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilizitaka runinga ziweke mkalimani wa ishara au maandishi kwenye taarifa za habari. Na huku kwetu ndiko shule za viziwi za Nyang'oma, karibu na Bondo, na Mumias zimekuwepo tangu 1961, kwa hiyo wenye lugha hiyo ni majirani zako. Ningekuwa na miaka yako ningeifikiria kabla ya Kijerumani. Lakini hiyo hujifunzi kwa video. Unaenda unakaa na viziwi, wanakucheka, unarudi.

Kazi nyingine ambazo vijana hawazioni kwa kuwa hazina visikizi: Hansard. Kila moja ya kaunti 47 ina bunge lake, na mijadala yake inaandikwa neno kwa neno na watu wanaosikia lugha mbili tatu zikichanganywa kwenye sentensi moja. Mtu wa isimu ameumbwa kwa hilo. Tafsiri ya maandishi pia, ambayo hulipwa kwa neno au kwa ukurasa. Huko kuna kiwango cha kimataifa, ISO 17100, kinachomtaka mfasiri awe na shahada ya tafsiri, au shahada nyingine na miaka miwili ya kazi, au miaka mitano ya kazi bila shahada. Ona hapo: muda wa kazi ulioandikwa unahesabika. Kinataka pia kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili. Wenye kampuni nyingi huruka hatua hiyo. Wewe usiiruke hata kwa kipeperushi cha kliniki, mtafute mwenzako wa darasani.

Mashine usiziogope na usiziabudu. Google ina Kiswahili siku nyingi, na Dholuo waliiongeza 2024. Watafiti wa Maseno, chuo chako hichohicho, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vingine, walikusanya hazina ya lugha iitwayo Kencorpus: Kiswahili, Dholuo na Kiluhya cha aina tatu, Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu, maneno zaidi ya milioni tano ya maandishi na sauti za masaa zaidi ya mia moja. Huo ni mlango wa kazi pia, kunakili sauti, kuweka alama kwenye sentensi, kukagua kazi ya mashine, na ungeuliza kwenye idara ni nani anaendelea nayo. Tahadhari mbili. Maneno ya mgonjwa usiyaingize kwenye simu yatafsiriwe, kamwe. Na ukiombwa kurekodi sauti yako "kwa ajili ya lugha yetu", uliza leseni. Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za lugha mbalimbali, kwa mfano, hutoa sauti kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia kwa lolote, hata kampuni kubwa kwa biashara. Mimi nimewasomea sentensi nyingi za Kiswahili na sijutii, lakini nilijua ninachotoa.

Nimebakisha baba.

Mzee usimpuuze. Ukalimani wa hospitali nchini hapa bado hauna mshahara wa kueleweka, na siku za mikutano zinakuja kwa msimu: wiki mbili hulali, miezi miwili simu hailii. Mimi nimesomesha watoto kwa tafsiri na uhariri, ukalimani ukawa nyongeza. Anayetaka uwe na kitu cha kukushikilia ana haki. Anachokosea ni kudhani lazima uache kozi. Uko mwaka wa tatu, ukihama sasa unaanza upya na ada imelipwa. Mtu mwenye shahada ya sanaa anaweza kumaliza, akafanya diploma ya uzamili ya elimu, kisha akaomba kusajiliwa na TSC, ile tume ya walimu, kama mwalimu wa sekondari.

Ila kuna shimo hapo ambalo nimeona wengi wakitumbukia, na watu wa kozi yako hasa. TSC inataka masomo mawili ya kufundisha. Kiswahili ni moja. Isimu si somo la shule ya upili, haihesabiki. Unahitaji la pili, Historia, Dini, Jiografia, na uwe ulipata angalau C+ katika yote mawili kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na C+ ya jumla, na hilo la pili uwe umelisoma chuoni kwa kozi za kutosha. Wanaogundua hili baada ya kuhitimu hulia, kwa sababu kurudi kuchukua kozi za somo la pili ni pesa na miaka. Wewe bado una mwaka wa nne wa kuchagua.

Kwa hiyo kabla ya kubishana na mzee, toa cheti chako cha KCSE kwenye lile bahasha la nyumbani uangalie mstari wa somo la pili. Jumatatu nenda kwa mkuu wa idara na orodha ya kozi ulizokwisha kufanya, muulize za somo hilo ulizonazo ni ngapi na zilizobaki zinaingia vipi mwaka wa nne. Ukipata jibu, kaa na baba jioni umweleze kwa namba. Halafu Jumamosi mchukue mpaka Nyalenda, aketi nje kwenye benchi la kliniki na wale akina mama, wakuite ndani yeye akiwa anaona.